Kinashikwa na nini, chuma cha Mama?

Mama alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa salamu, habari za jirani aliyeoza binti, na bei ya nazi iliyopanda. Kisha akashusha sauti, kama anayeogopa kusikiwa na wauguzi: "Mwanangu, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Wameniwekea chuma kwenye nyonga, nimekiona kwenye picha, kirefu kama kisu cha kuchinjia. Namuuliza daktari, mmekifunga na nini? Ananiambia hatukukifunga, kimepakwa kitu, mfupa wenyewe utakishika. Sasa nalala hapa najiuliza, kinashikwa na nini? Na mfupa ukikataa?"

Nilikuwa kituo cha tramu hapa Göteborg, Uswidi, jioni ya Februari, vidole vimekufa ganzi. Nikamjibu upesi: "Shikamoo Mama. Ondoa shaka, seli za mfupa zitakishika." Haikupita dakika, jibu likarudi, maneno mawili tu: "Zinashikaje mwanangu?"

Huu ni mwaka wa tatu kazi yangu ya kutwa ni kuangalia seli za mfupa zikishika chuma. Nazihesabu, nazipaka rangi, nazipiga picha, naziandikia taarifa kwa lugha ya watu. Na mama yangu, aliyekaanga vitumbua Tanga kila alfajiri mpaka nikamaliza chuo kikuu, ananiuliza swali hilo hilo, nami nampa jibu la kumtuliza mtoto. Usingizi haukuja vizuri usiku ule. Haya hapa chini ndiyo majibu aliyostahili. Nilimpa vipande vipande kwa simu, wiki baada ya wiki, na nimeona niyaandike kwa Kiswahili kwa sababu yeye si mgonjwa peke yake anayelala na chuma asichokielewa.

Kwanza, gundi haipo. Ziko nyonga bandia zinazofungwa kwa saruji ya mifupa, aina ya plastiki inayokorogwa palepale chumba cha upasuaji na kugandia ndani ya mfupa. Njia hiyo ni nzuri, imedumu tangu enzi za John Charnley kule Uingereza, na wazee wengi wanatembea nayo. Ya Mama si ya namna hiyo. Chake ni chuma cha titaniamu kilichopakwa haidroksiapatiti, madini yale yale ambayo mwili unatumia kuufanya mfupa uwe mgumu, na karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya jamii hiyo. Daktari aliuchonga mfupa wa paja kwa ndani, akakipigilia chuma kwa nyundo mpaka kikabana. Kubana huko ndiko kunakokishikilia leo. Kazi ya kukishikilia kwa miaka ijayo wameachiwa wafanyakazi wengine.

Si kwa bahati kwamba nimekuja kujifunza hapa. Mwaka 1952, kule Lund kusini mwa Uswidi, daktari kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya uboho wa sungura. Aliwawekea sungura kidirisha cha titaniamu kwenye mfupa wa mguu ili achungulie kwa hadubini. Metali hiyo alishauriwa na Hans Emneus, daktari wa mifupa. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kuving'oa vidirisha avitumie tena. Havikung'oka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia bila kuacha upenyo. Watu wengi wangekasirika na kuagiza vingine. Yeye aliacha alichokuwa akikitafuta akafuata alichokutana nacho, akahamia Göteborg, na mwaka 1965 akampandikiza Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, mizizi minne ya titaniamu kwenye taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, mizizi ile ikiwa bado inafanya kazi, zaidi ya miaka 40. Nikipanda kile kilima cha vyuo vya udaktari asubuhi, huwa namkumbuka yule sungura.

Lakini Brånemark aliona tokeo. Namna seli inavyoshika ilichukua miaka mingine mingi, na watu wengine, kueleweka. Jambo la kwanza nililolazimika kulikubali, na ndilo nililomweleza Mama kwanza, ni hili: seli haigusi chuma. Haijawahi kukigusa. Inagusa kilichotangulia kukaa juu ya chuma.

Titaniamu ikikutana na hewa tu, papo hapo inajivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Unywele mmoja wa kichwani una nanomita 70,000 hivi, kwa hiyo piga picha mwenyewe wembamba huo. Utando ule ndio unaoizuia metali isiliwe na chumvi ya mwili, na ndio uso ambao damu inaukuta. Daktari anapokipigilia chuma, damu inakivamia. Maji yanafika kwanza, na chumvi zake, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Zinafuata protini za damu, kwa sekunde na dakika. Seli bado iko mbali kabisa, haijui kinachoendelea.

Na hizo protini zina foleni yake. Albumini ndiyo nyingi kuliko zote kwenye damu, na ni ndogo, kwa hiyo inawahi na kujaza nafasi. Ila haishiki sana. Nyuma yake zinakuja protini kubwa, zinazokwenda polepole lakini zinazong'ang'ania, kama fibrinojeni, na zinaisukuma albumini na kukaa mahali pake. Aliyeliona jambo hili vizuri ni Leo Vroman, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, mtaalamu wa damu na pia mshairi anayeheshimika sana kwao. Wataalamu wameliita kwa jina lake. Mama, nilipomweleza, hakuhitaji jina la Mholanzi. Alisema, "Kutangulia si kufika." Nilinyamaza kidogo kwenye simu, kwa sababu ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa nimetumia kurasa mbili.

Katika zile zinazofika na kukaa, wamo wawili ambao seli ya mfupa inawatafuta: fibronektini na vitronektini. Fibronektini ni mnyororo mrefu, pete zake ni zaidi ya 2,000, kila pete ni asidi amino moja. Mwaka 1984, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, wakifanya kazi California, walionyesha kwamba seli haihitaji mnyororo wote ule ili ishike. Inatosha kuipa pete tatu zilizofuatana, arginini, glisini, aspartati. Pete tatu! Hapo ndipo palipo na mshikio. Mshikio huo ukitazama juu, seli itaupata. Protini ikilala vibaya juu ya chuma, ikaukunja mshikio chini yake, seli itapita kama mtu anayepapasa mlango gizani na kitasa kiko upande wa pili. Hii ndiyo sababu tunahangaika na uso wa chuma: uso unaamua protini gani zikae, na zilale vipi, na protini ndizo zinazozungumza na seli.

Upande wa seli, mikono inaitwa integrini. Inatoboa ngozi ya seli, nusu iko nje na nusu iko ndani. Kwa nje inadaka mshikio, kwa ndani inafungwa kwenye nyuzi za aktini, ambazo ni misuli na mifupa ya seli yenyewe. Integrini moja haitoshi, ni dhaifu, inaachia. Zikijikusanya nyingi mahali pamoja, ndani yake zinakuja protini nyingine za kufunga fundo, talini, paksilini, vinkulini, ndipo seli inaposema hapa nakaa. Na inavuta. Watu hawajui hilo. Seli ikishashika huwa inavuta kilicho chini yake, inakipima ugumu, na kwa kipimo hicho inaamua izaane, itulie, au ianze kujenga mfupa. Isipopata pa kushika kabisa, inajiua. Kifo hicho kina jina la Kigiriki, anoikisi, maana yake kukosa makao.

Haya niliyoyaandika yanasomeka kama hadithi ya mbali. Ngoja niwapeleke kwenye meza yangu.

Ni Jumanne, nimevaa glavu, nimeketi mbele ya kabati la hewa safi. Seli zangu zinaishi kwenye chupa bapa ya plastiki, zimelala chini ya maji yenye rangi ya waridi, yaliyotiwa sukari, chumvi, na seramu ya ndama. Ni za ukoo uitwao SaOS-2. Zilitolewa mwaka 1973 kwenye uvimbe wa saratani ya mfupa wa msichana wa miaka 11, na tangu hapo zimezaana maabara hadi maabara duniani kote. Jina lake silijui na sipaswi kulijua. Lakini sijawahi kufungua chupa ile bila kumfikiria, na mwanafunzi mpya akija namwambia jambo hilo kabla sijamfundisha kushika pipeti.

Kuziondoa kwenye plastiki natia tripsini, kimeng'enya kinachokatakata zile protini zilizozishikilia. Dakika tatu, nne. Nikiangalia kwa hadubini, seli zilizokuwa zimejinyoosha kama mikeka zinajikunja moja moja, zinakuwa mviringo, zinang'aa ukingoni kama lulu, kisha zinaelea. Nazihesabu, nazidondoshea kwenye sarafu. Sarafu ndilo jina letu la vipande vya titaniamu vya mviringo, vyembamba, ambavyo tunavilaza kwenye kisahani chenye visima 24. Nusu zimepakwa haidroksiapatiti, nusu ni titaniamu iliyokwaruzwa kwa asidi tu, za kulinganishia. Kisahani kinaingia kwenye inkubeta, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5, joto na hewa ya kuidanganya seli kwamba iko mwilini.

Chuma hakipitishi mwanga. Hili ni tatizo dogo linalotunyima raha kubwa: huwezi kuziangalia zikiwa hai kwa hadubini ya kila siku, ile inayohitaji mwanga upenye. Inabidi uzisimamishe kwa dawa kwa saa tofauti, baadhi baada ya nusu saa, nyingine saa moja, nne, kutwa nzima, uzisuuze ili ambazo hazikushika ziondoke na maji, kisha uzipake rangi ing'aayo gizani na kuzimulika kutoka juu. Aktini naipaka kijani kwa faloidini, sumu ya uyoga mmoja wa Ulaya unaoua watu. Sumu hiyo inapenda nyuzi za aktini kuliko kitu kingine. Kiini naki­paka buluu. Vinkulini, lile fundo, nyekundu.

Ya nusu saa ni mpira tu, umetua. Ya saa moja imeanza kutandaza sketi pande zote, na kwenye pindo la sketi vinatokea vidole vyembamba sana, vinapapasa. Unaviona vimeelekea huku na huku, kimoja kimepanda kichuguu, kingine kimeingia kwenye shimo kikaishia hapo. Ya saa nne imelala, imeenea. Ya kutwa nzima imevutika, nyuzi za kijani zimekaza kutoka upande hadi upande kama kamba za ngalawa zilizofungwa ufukweni, na mwisho wa kila kamba pana kidoa chekundu. Kidoa hicho ndicho kigingi. Nilipokiona mara ya kwanza niliita mwenzangu wa benchi la pili aje aone, naye aliishaona mamia, na alikuja.

Nilimtumia Mama picha. Akauliza zile kamba anafunga nani. Nikamwambia seli inazifunga yenyewe.

Sasa koti lenyewe, ule mpako wa haidroksiapatiti juu ya chuma. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi, na kila nilichokuja kukisoma kuhusu mipako nilikuwa nimekiona utotoni nikimshikia karai. Baba hakupiga lipu kwenye ukuta mlaini. Tabaka la kwanza likianza kushika, alilikwaruza kwa ubao wenye misumari, mistari mistari, ili la pili lipate pa kung'ata. Na kabla ya yote alimwagia ukuta maji. Ukuta mkavu, alisema, unainyang'anya lipu maji yake, lipu inakufa. Ukuta wenye mafuta ndio mbaya kuliko wote, hapo hata ufanyeje inadondoka vipande.

Haidroksiapatiti inapakwa zaidi kwa kupuliziwa. Unga wake unapitishwa kwenye ulimi wa plazima (si ile ya damu, ni gesi iliyopashwa moto mno), wenye joto la maelfu ya nyuzi. Chembe zinayeyuka kwa juu kwa muda mdogo mno, zinaugonga uso wa chuma kwa kasi, zinabandikana bapa kama chapati, moja juu ya nyingine, mpaka unene wa mikroni 50 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati mwingine 100 na zaidi. Unene una mtego wake. Koti nene linapasuka na kubanduka. Koti jembamba sana linaweza kuyeyuka lote kabla mfupa haujafika. Na joto lile kali linaharibu mpangilio wa fuwele, kwa hiyo sehemu ya koti huwa haina mpangilio, na sehemu hiyo huyeyuka upesi zaidi mwilini. Kuyeyuka kidogo si hasara. Kalsiamu na fosfeti zinazotoka zinajaa pale pale usoni, zinarudi kuganda upya kama madini ya mfupa mchanga, na protini zinakaa juu yake vizuri. Seli inakuta uso unaofanana na nyumbani. Ronald Furlong aliweka nyonga ya kwanza yenye koti la namna hii mwaka 1985, Uingereza, na chuma cha Mama ni mjukuu wa wazo lile.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba koti ndiyo habari yote. Hapa ndipo nilipokosea, na niseme wazi, maana kosa lile limenifundisha kuliko matokeo yangu mazuri.

Mwaka wangu wa kwanza sarafu zenye koti zilikuwa zinazishinda zile za titaniamu tupu kwa mbali mno. Baada ya saa nne, za koti zimejaa seli zilizotanda, za titaniamu zina seli chache, nyingi bado mviringo. Nilirudia mara mbili, ikawa vilevile. Nilitengeneza grafu, nikaanza kuandaa bango la mkutano. Siku ya kulionyesha kwa wenzangu, msimamizi wangu alilitazama kimya, kisha akauliza jambo moja: "Hizi za titaniamu zilitiwa asidi lini?"

Nilikwenda kuangalia daftari. Zenye koti zilikuwa zimetoka kiwandani wiki ile, nikazitumia hapo hapo. Za titaniamu zilikuwa zimetiwa asidi miezi miwili nyuma, zikakaa kwenye mtoto wa meza yangu, safi, zimefungwa vizuri, vijidudu vimeuawa. Nilichukua moja nikaidondoshea tone la maji. Tone lilisimama. Lilikaa mviringo, kama la mvua juu ya jani la magimbi. Nikaenda kutia asidi nyingine mpya, nikazisuuza, nikadondoshea tone. Maji yalitawanyika mara moja mpaka ukingoni, kama yamenyonywa.

Titaniamu inazeeka. Hata ikikaa imefungwa, hewa ina vumbi la kaboni lisiloonekana, mabaki ya mafuta na moshi na pumzi zetu, na taratibu linatua juu ya oksidi. Uso uliopenda maji unageuka unayakataa. Protini zinazokuja zinapungua, seli zinazokuja nyuma yake zinapungua pia. Kundi la Takahiro Ogawa, Los Angeles, lilikuwa limekwisha kulionyesha hilo, na likaonyesha pia kwamba mwanga wa urujuanimno unairudisha titaniamu ujanani, kwa sababu oksidi yake ikimulikwa inaichoma ile kaboni. Nilikuwa sijasoma. Au nilisoma nikadhani halinihusu.

Nililia chooni, kisha nikarudia jaribio zima. Titaniamu mpya dhidi ya koti jipya. Koti bado lilishinda, lakini kwa kidogo, na zaidi kwenye siku za baadaye, seli zinapoanza kujenga, kuliko zile saa nne za kwanza. Bango niliongeza safu moja ya ziada: titaniamu ile ile ya zamani, kabla na baada ya taa ya urujuanimno. Watu walisimama kwenye safu hiyo kuliko mahali pengine. Ukuta wenye mafuta. Baba alikuwa ameniambia nikiwa na miaka tisa, nimeshika karai.

Tangu siku hiyo kila sarafu ina tarehe. Na nikisoma ripoti inayosifu koti jipya, kabla ya yote natafuta titaniamu iliyolinganishwa nalo ilikaa wapi na kwa muda gani. Mara nyingi haikuandikwa. Hilo linaniudhi kweli, kwa sababu mwisho wa mstari ule yuko mtu kitandani anauliza kinashikwa na nini.

Mama aliuliza pia kuhusu mfupa kukataa. Sikumficha. Mfupa haukatai kama mtu anavyokataa. Huwa unazuiwa, na wazuiaji ninaowafahamu vizuri ni wawili. Bakteria nao wanapenda uso mpya, na protini zile zile zinazokaribisha seli zinaweza kuwakaribisha na wao. Anthony Gristina aliandika mwaka 1987 kwamba ni mbio za kuwahi uso. Seli zikiwahi, zikatanda, bakteria wanakosa nafasi. Bakteria wakiwahi, wanajijengea utando wa ute ambao dawa zinashindwa kuupenya, na hapo mara nyingi chuma kinabidi kitolewe. Ndiyo maana ya zile dawa kabla ya upasuaji, na ukali wa wauguzi juu ya kidonda. Mama alikuwa akiwaona wana kisirani. Nilimwomba awashukuru.

Wa pili ni kutikisika. Chuma kikicheza ndani ya mfupa zaidi ya mikroni 150 hivi, unene wa nywele mbili, zile kamba za ngalawa zinakatika kila zinapofungwa. Mwili ukiona hivyo unaacha kujenga mfupa, unaweka nyama ngumu ya nyuzi badala yake, kama kovu, na chuma kinabaki kimezungukwa na kitu kinachotepeta. Na wiki za mwanzo ndizo zenye hatari, kwa sababu mfupa ulioumizwa na kuchongwa unaanza kwa kuliwa na seli nyingine za kusafisha kabla mpya haujawekwa. Mbano wa nyundo unalegea kidogo huku mshiko wa seli haujakomaa.

"Kwa hiyo magongo si kwa ajili ya kuniuguza," alisema.

"Ni kwa ajili ya kuzipa nafasi zifunge kamba, Mama."

Alikuwa akiyaacha magongo nyuma ya mlango na kwenda jikoni kwa kushika ukuta. Dada alikuwa amenishtakia, ila nilikaa kimya mpaka alipokiri mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anauliza kila nikipiga: "Leo zimefikia wapi?"

Sina jinsi ya kuziona zake. Nilimweleza zangu. Wiki ile nilikuwa na kisahani kilichokuwa kimefikia siku ya 21. Kwa muda wote huo seli zinapewa fosfeti na vitamini C kila maji yanapobadilishwa, kwa sababu bila vitamini C haziwezi kusuka kolajeni imara, na bila kolajeni madini hayana pa kukaa. Mama akadakia: kumbe yale machungwa ya Muheza anayoletewa na shemeji si ya bure. Nikamwambia ale.

Siku ya 21 tunatia alizarini, rangi nyekundu ambayo zamani ilitengenezwa kwa mizizi ya mmea wa kutia nguo rangi. Inashika kalsiamu. Koti la haidroksiapatiti nalo lina kalsiamu, kwa hiyo lazima uwe na sarafu yenye koti isiyo na seli pembeni, uone wekundu upi ni wa koti na upi wa seli. Nilimwaga rangi, nikasubiri, nikasuuza mara tano mpaka maji yakatoka meupe. Sarafu zisizo na seli zilibaki na wekundu mwepesi, sawasawa, kama kitambaa kilichochuja. Zenye seli zilikuwa na vinundu vyekundu, vizito, vimekaa makundi makundi, vingine vimeungana.

Nikampigia kwa video, nikageuza simu kwenye kisahani. Alikuwa ameketi barazani, magongo yameegemea ukuta upande wa kulia, mkono unayafikia.

"Hiyo ni damu?"

"Hapana, Mama. Ni rangi imeshika chokaa. Seli zimeanza kupiga lipu."

Akaisogeza simu karibu na uso mpaka nikawa naona jicho moja tu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Baba yako angeuliza kwanza," alisema, "kama ukuta ulimwagiwa maji."